Visu Chini

Asubuhi ya siku ya mwisho Tingatinga aliupiga mti mpaka gome likabanduka. Alipiga kwa kushoto, akapiga kwa kulia, akamalizia kwa kiwiko, jasho likimtiririka mgongoni ingawa baridi ya mlimani ilikuwa bado inauma masikio. Mama yake alikuwa amechuchumaa kando ya jiko dogo la gesi, akingoja maji yachemke.

"Ukishamaliza kuua huo mti," alisema, "chai iko tayari."

"Bado haujaomba radhi."

"Uombe radhi ya nini? Mti wa watu umejisimamia, hata haukujui. Njoo unywe, njia inatungoja."

Mambo yalikuwa hivyo tangu walipoianza Njia Ndefu, ile njia ya watembea kwa miguu inayoanzia kwenye maporomoko ya juu, ikivuka milima na mashamba ya watu, na kuishia kwenye nguzo ya mawe mbele ya stesheni ya treni. Shauri la kupiga miti lilikuwa la mama. Aliona kwamba mkono uliozoea kupiga hauwezi kuambiwa acha ukaacha siku hiyo hiyo. Upewe kwanza kitu kisicho na pua. Basi nyuma yao, kutoka maporomokoni hadi hapa, kulikuwa na mlolongo wa miti iliyochubuliwa, na vidole vya Tingatinga vilikuwa vimevimba kama vya mtu aliyetoka kuiba asali.

Mama mwenyewe waliomjua walimwita Honi. Alikuwa msimamizi wa machinjio, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyoweza kusikika juu ya mlio wa misumeno na ng'ombe na mabomba ya maji kwa pamoja. Hakuwa na maneno ya kuzunguka. Mtu akinuka alimwambia unanuka. Watembeaji wenzao kambini walipomuuliza, kwa adabu tu ya safari, kwa nini yeye na mwanawe wanatembea, aliwajibu huku akimenya kitunguu: "Huyu alimvunja mke wake uso. Mke kasema atembee." Watu wakakosa pa kuweka macho. Tingatinga akainamia sufuria.

Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Alikuwa amekunywa, akamkuta mkewe anafunga sanduku la mikate ya kupeleka dukani, wakajibizana juu ya jambo ambalo mpaka leo hakuna anayelikumbuka, naye akamtandika na kifuniko cha sufuria. Mfupa wa chini ya jicho ukavunjika. Mke, ambaye kazi yake ni kuoka mikate, alitoka hospitalini moja kwa moja hadi kwa dada yake, mji mwingine, akamchukua na mtoto wao wa kike, yule waliyemwita Njiti kwa wembamba wake. Hakupokea simu ya mumewe hata moja. Ya Honi aliipokea.

"Mama, huyu mtoto wako hajawahi kumaliza kitu," alisema. "Miaka yote anaimba atatembea Njia Ndefu. Haya, atembee. Yote. Asinywe tone, asimpige mtu. Na wewe utembee naye, uwe shahidi. Una mdomo mchafu, mama, lakini si mwongo. Akifika kwenye nguzo hajapiga mtu, tutazungumza. Asipofika, au akipiga, asinitafute tena, na wewe usimtafute Njiti."

Hilo la mwisho ndilo lililomtoa Honi kitandani. Tangu Njiti azaliwe, kila mchana alikuwa kwa bibi yake. Nyumba bila yule mtoto ilikuwa imegeuka ghala. Honi akaomba likizo yake yote iliyolimbikizwa, akanunua viatu vya kutembelea, akamburuta mwanawe mpaka maporomokoni.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya ahadi. Mwokaji atakuwa kwenye nguzo na mtoto, na ataondoka na treni ya alasiri. Wakifika baada ya hapo watakuta reli.

Waliteremka mlima bila maneno mengi. Palikuwa na kokoto zinazoteleza, na Honi, aliyekuwa mbele, aliteleza akakalia begi lake. Alisikia kitu kikilia *kach*. Fremu ya chuma ya begi ilikuwa imekatika kiunoni, na ncha yake ikawa inamchoma mgongo kila alipoinua mguu. Walipofika chini shati lilikuwa limelowa damu.

"Nipe nibebe mimi," Tingatinga alisema. "Mabegi mawili kwangu ni nini?"

"Nitafika na mzigo wangu mgongoni."

"Mama, unatoka damu."

"Na wewe unatoka maneno. Nani anaudhi zaidi?"

Mwanawe akacheka. Tangu aache pombe kicheko chake kilikuwa kimerudi kile cha zamani, cha kutikisa mabega. Honi alikisikia, akajifanya hakusikia, akaongeza mwendo.

Barabara ilianzia kwenye machimbo ya kokoto. Kando yake kulikuwa na safu ya vibanda vya mafundi: wa matairi, wa vioo, wa fenicha, na cha mwisho, karibu na zahanati ndogo ya rangi ya kijani, karakana ya kuchomelea vyuma. Mageti yaliyokamilika nusu yalikuwa yameegemezwa ukutani. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa mafuta na vumbi la chuma, na cheche zilikuwa zinaruka kutoka kwa mtu aliyevaa miwani myeusi, amepiga magoti juu ya dirisha la nondo. Pembeni, juu ya tairi kuukuu, alikaa mwanamume mwembamba mwenye chupa katikati ya mapaja.

Mchomeleaji aliinua miwani. "Karibuni, watembeaji. Mmetoka juu?"

"Mwanzo wa njia," alisema Honi. "Fremu imekatika. Utaiweza sasa hivi? Nina haraka."

"Mama, nimechomelea mageti ya jela. Hiki ni kijiti cha meno." Akaligeuza begi. "Toa vitu, kitambaa kisiungue. Dakika chache tu."

Aliyekaa kwenye tairi alikuwa anamkagua Tingatinga kutoka viatuni hadi utosini. Mchomeleaji alimwita Shem, na pale mtaani wote walimwita Shemeji, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine inayojulikana zaidi ya kuwa shemeji wa fundi: dada yake ndiye aliyeolewa pale.

"Na hili bonge," alisema Shemeji, "ni mbebaji au ni mzigo?"

"Vyote viwili," Honi akajibu. Alikuwa anatoa masufuria begini.

"Subiri, subiri!" Shemeji akajipiga paja. "Ndio nyie! Kuna watembeaji wenzenu walipita hapa jana wakatusimulia. Mpiga mke! Anatembezwa na mama yake kama mbuzi wa mnadani. Jamani, Fundi, zima mashine uone, ndiye huyu!"

Fundi hakuzima. Alikuwa ameshashusha miwani, anaunganisha. Tingatinga aliangalia ukuta. Honi aliona shingo ya mwanawe inavimba, mshipa umejitokeza kama kamba, na akajua habari hizo zilitoka mdomoni mwa nani: mwake mwenyewe. Aliyameza hayo, akaendelea kupanga masufuria.

"Onja, kaka mkubwa." Shemeji alisimama, akamsogezea chupa puani. "Kidogo tu. Mama, funga macho, hatutachelewa."

"Asante, ndugu yangu. Sinywi," alisema Tingatinga.

"Ndugu yako nani? Mimi sipigi wanawake."

"Vizuri."

"Nini vizuri?"

"Kwamba hupigi."

Alilisema bila kebehi. Alikuwa amemaanisha. Lakini Shemeji alisikia dharau, au alitaka kuisikia, akaipindua chupa juu ya kichwa cha Tingatinga. Pombe kali ilimshuka usoni, ikaingia machoni, ikapita kwenye midomo.

Hapo ni lazima ijulikane namna walivyofanya kazi machinjioni, kwa sababu bila hiyo hakuna litakaloeleweka. Pale ndani kila mtu ana kisu kinachonyoa ndevu, sakafu inateleza, na watu wana hasira zao kama watu wengine. Zamani wachinjaji wawili waligombania ndoano, mmoja akabaki amejishika matumbo kwa mikono miwili. Baada ya hapo Honi aliweka sheria moja. Msimamizi akipiga kelele "Visu chini!", kila aliyemo ndani anakiachia kisu palepale kianguke, anafungua viganja, anavipandisha usawa wa mabega, na anabaki hivyo. Haulizi, hageuki. Anabaki hivyo mpaka msimamizi aseme "Fanyeni kazi." Aliwazoesha kwa kuwashtukiza, leo asubuhi, kesho wakati wa kuosha, mpaka ikawa miili inatii kabla ya akili kujua imesikia nini. Tingatinga alikuwa amefanya kazi chini ya mama yake tangu alipoota ndevu. Hakuna aliyetii haraka kumshinda. Kwanza ni msimamizi, pili ni mama, na huyo mama alimlea peke yake kwa kofi na kwa mpira wa kuoshea sakafu.

Tingatinga alimkamata Shemeji kifuani pa shati. Alimwinua mpaka ndala zikadondoka. Mkono wa kulia ulirudi nyuma, ngumi ile ile iliyobandua magome ya mlima mzima, na Honi akaona kila kitu kinakwenda: nguzo, treni, mtoto.

"VISU CHINI!"

Hata Fundi aliachia kifaa chake. Tingatinga akafungua mikono. Shemeji alianguka makalio kwanza kwenye vumbi la chuma, na yule mtu mkubwa akabaki amesimama juu yake, viganja wazi usawa wa mabega, pombe ikidondoka kidevuni.

Kisha Fundi akacheka. "Lo! Mama ana rimoti!"

Kama asingecheka, huenda mambo yangeishia pale. Shemeji aliinuka uso umemwiva. Hakuijua sheria ya machinjio. Alichokiona ni mtu aliyeinua mikono. Akaokota kipande cha chuma kando ya dirisha la nondo, kirefu kama mkono, akamtandika Tingatinga taya la kushoto.

Mlio wake Honi aliujua. Mifupa ya kazini kwake ililia vile. Kichwa cha Tingatinga kilizunguka, kikarudi. Mdomo ulikuwa umekaa upande, kama droo iliyofunguliwa vibaya. Mikono haikushuka. Shemeji akampiga tena, sasa juu ya sikio, ngozi ikafunguka na damu ikamwagika shingoni. Mikono haikushuka. Macho ya Tingatinga yalikuwa kwa mama yake. Alikuwa anangoja aambiwe.

Honi alikuwa na maneno mawili mdomoni. Akiyatamka, yule mwembamba atakuwa maiti kabla ya kupepesa jicho, na Njiti hatamwona tena. Asipoyatamka, mwanawe atauawa amesimama kama kitu kilichotundikwa ndoanoni. Chuma kilikuwa kinapanda mara ya tatu.

Hakuyatamka. Alinyakua bomba la chuma kwenye meza ya Fundi.

Kabla machinjio hayajaletewa mashine, ng'ombe walizimishwa kwa nyundo, na kwa muda mrefu nyundo hiyo ilikuwa mikononi mwa Honi. Alijua uzito uanzie nyongani. Pigo la kwanza lilimpata Shemeji kwenye mkono ulioshika chuma, kati ya kiwiko na kifundo. Mkono ukapinda pasipo kiungo, chuma kikaruka. Shemeji alipiga yowe, akaenda magotini, akaukumbatia ule mkono kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa amekwisha. Hata kipofu angejua amekwisha.

Honi akampiga tena. Kichwani, kwa nyuma, alipokuwa ameinama.

Na wakati bomba linashuka alijisikia vizuri. Mwili wote uliingiwa na ubaridi mtamu, kama mtu aliyetua gunia. Shemeji alilala kifudifudi. Mguu mmoja ukakwaruza sakafu, ukaacha.

"Shem!" Fundi alitupa miwani, akapiga magoti. "Shem! We Shem! Mama, umefanya nini? Mama!"

Honi aliangalia mlangoni. Kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa kimeshavuka barabara. Alasiri ilikuwa inakuja.

"Shusha mikono," alimwambia mwanawe. "Fanya kazi. Beba mabegi."

Tingatinga alishusha mikono. Alimtazama aliyelala, akamnyooshea kidole, akatoa sauti isiyo na herufi.

"Nimeona. Twende."

"Mh. Mh-ma."

"Usiongee, taya litaachana. Twende, treni!"

Alimshika mkono akamvuta, kama alivyowahi kumvuta kutoka kwenye madirisha ya maduka. Masufuria waliyaacha sakafuni. Begi la Honi lilikuwa bado linafuka moshi pale lilipounganishwa.

Njiani alimfunga taya kwa kilemba chake, fundo juu ya utosi. Mtu mwingine angeonekana kichekesho. Damu ya sikio ilikuwa imemtengenezea kola. Kila baada ya hatua kadhaa Tingatinga aligeuza mwili mzima, maana shingo ilikataa, akatazama walikotoka, na kila mara Honi alimgeuza kwa kumsukuma bega. "Mbele. Mbele ndiko aliko mtoto wako." Barabara ya lami ikaanza, kisha nyumba zenye uzio, shule, duka la dawa. Watu walisimama milangoni. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho. Honi aliwaza maneno atakayosema kwenye nguzo, na aliyapenda, kwa kuwa yalikuwa ya kweli yote: hakunywa, hakupiga, alivumilia mpaka akavunjwa. Nani ana la kujibu hapo?

Nguzo haikuwa kitu. Mawe yamepangwa, kimo cha mtu na nusu, kibao cha shaba kilichochakaa. Mwokaji alikuwa kwenye benchi la stesheni, amevaa gauni la kutokea, na Njiti kando yake ananing'iniza miguu. Treni ilikuwa imeshaingia, inapumua.

Mwokaji aliwaona. Alisimama taratibu. "Njiti, kaa hapo. Usisogee."

Tingatinga aliifikia nguzo, akaiwekea kiganja, akabaki ameiegemea. Mkewe alikuja mpaka karibu, si karibu sana. Chini ya jicho lake mfupa ulikuwa umeunga vibaya kidogo. Shavu moja lilikuwa limebonyea. Akavuta hewa puani.

"Ananuka pombe."

"Amemwagiwa," alisema Honi. "Hakuna tone lililopita kooni."

"Kampiga nani?"

"Hakuna."

"Mama. Nitazame."

"Nimekutazama. Aliinua ngumi, nikamwambia visu chini, akafungua viganja. Akapigwa na chuma mikono ikiwa juu. Mara mbili. Hakurudisha hata moja. Ulitaka mtu asiyepiga, huyo hapo."

Mwokaji alimtazama mumewe. Tingatinga hakutikisa kichwa, hakukubali wala kukataa, machozi tu yalikuwa yanamtoka. Mkewe alinyoosha mkono, akagusa fundo la kilemba kwa ncha ya kidole, akaurudisha. Kisha macho yake yakahamia kwa Honi, yakashuka kwenye mikono.

"Na hiyo damu?"

"Ipi?"

"Ya kwenye mkono wako wa shati. Mpaka kiwikoni."

"Ya aliyempiga."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimpiga na bomba. Mkono. Halafu kichwa."

"Halafu kichwa," mwokaji alirudia. "Yuko hai?"

Honi alifungua mdomo. Aliyakuta maneno yote aliyoyapanga njiani, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

"Sijui."

"Hukutazama?"

"Kulikuwa na treni."

Mlinzi wa stesheni alipuliza filimbi. Milango ya mabehewa ikaanza kufungwa, na mwokaji hakugeuka kuiangalia treni yake.

"Siku ile," alisema, "huyu naye hakutazama. Nilikuwa sakafuni, nikaiona miguu yake ikiniruka. Ikaenda mlangoni, ikatoka. Kile kifuniko siku hizi hata sikioti, mama. Naota ile miguu."

Tingatinga alitoa sauti, ikakwama kwenye kilemba.

"Nyamaza wewe, utaongea ukiwa na mdomo," mkewe alimwambia, na haikuwa kwa ukali. Alipunga mkono, bajaji moja ikasogea. "Tunaenda hospitali. Nilisema tutazungumza, tutazungumza. Sijasema nimekubali. Njiti! Njoo, mwanangu. Shika mkono wa baba. Usiogope, ni baba, kaumia."

Mtoto alikuja akinyata. Alimtazama bibi yake, akazitazama zile nguo. "Bibi haji?"

"Bibi ana kazi."

"Nije mimi nikae naye kando," Honi alisema. "Atahitaji mtu wa kumshika kichwa."

"Nitamshika mimi." Mwokaji alikuwa anamwingiza mumewe ndani, kiwiliwili kwanza, kisha miguu. Aligeuka. "Mama, nilikuwa nakuachia mtoto kila mchana. Sitakuachia tena."

"Mimi? Njiti sijawahi kumdhuru! Vikofi vya kumfunza tu, kama mzazi yeyote—"

"Najua vikofi. Wa kwanza kufunzwa ni huyu hapa."

Bajaji iliondoka. Kwenye dirisha la nyuma Honi aliona fundo la kilemba chake likiyumba, na kando yake kichwa kidogo kilichokuwa kimegeuzwa kisitazame nyuma. Treni nayo ikaondoka upande wake. Mfagizi alipita na ufagio, akazunguka mabegi mawili yaliyokuwa chini, asimwambie kitu.

Honi alitukana, kwa sauti, tusi zito la machinjioni, na hakujua anamtukana nani. Kisha akayaburuta mabegi mpaka kwa mtunza mizigo, akamwambia ayaweke, akatoka barabarani akaita pikipiki.

"Karakana ya kuchomelea, kule machimbo. Kimbiza."

"Mama una damu," alisema dereva.

"Ninayo. Kimbiza."

Njia waliyoipita kwa mateso ilirudi nyuma kwa kasi, duka la dawa, shule, nyumba zenye uzio, upepo ukimtoa machozi. Alikuwa hajapanda chombo chochote tangu maporomokoni, na alijishikiza kiunoni mwa dereva kama mwizi aliyekamatwa.

Karakana ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Mtu wa matairi alimwona akishuka, akadondosha spana, akaingia ndani ya kibanda chake. Nje ya zahanati ya kijani palikuwa na kundi la watu, na Fundi katikati yao, shati limelowa.

"Yuko wapi?" Honi aliuliza.

"Umerudi kufanya nini?" Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Mama, ondoka. Dada yake yuko ndani. Wameita polisi. Hawa watu watakuua hapa hapa, mimi sitawazuia."

"Nataka kumtazama."

"Umtazame ili iweje?"

Akampita. Watu waliachia njia, kwa mshangao zaidi kuliko kitu kingine. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, pazia la plastiki. Muuguzi alikuwa anafunga bandeji. Aliyekaa kichwani pa kitanda alikuwa mwanamke mnene mwenye uso ule ule wa Shemeji, na hakuhitaji kuambiwa. Aliiona ile damu kwenye shati, akaelewa ni ya nani.

Alikuja na kiatu mkononi. Kisigino kilimpata Honi kwenye paji la uso, kikampata puani, kikampata mdomoni. "Mwana wa mama yangu! Mwana wa mama yangu ndiye umemfanya ng'ombe!" Muuguzi alikuwa anapiga kelele, Fundi alikuwa anapiga kelele mlangoni. Mikono ya Honi iliinuka yenyewe, ikajikunja ngumi, na mwili wote uliujua uzito unaanzia wapi. Aliipeleka nyuma, akaukamata mmoja kwa mwingine mgongoni, akabana. Jino likalegea. Alisogea hatua, akapigwa, akasogea nyingine, mpaka akafika pale ambapo pazia halikuzuia.

Uso wa Shemeji ulikuwa wa majivu. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Shuka lilikuwa limemfunika mpaka kifuani, jeupe, lenye muhuri wa zahanati kwenye pindo la kifuani, na Honi alikaza macho kwenye ule muhuri huku damu ikimwingia jichoni na kiatu kikiendelea kumshukia kisogoni. Ulikaa. Ulikaa tu. Kisha ukapanda kidogo, ukashuka.

Akaendelea kuutazama.